Madam Sally Chesang, Aliyetanguliza Maji Mbele ya Ripoti

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Madam Sally Chesang anastaafu baada ya kuhudumu miaka kumi na sita katika kituo cha Nakuru cha Mtandao wa Saa na Afya. Kabla ya kuja kwetu alikuwa muuguzi katika zahanati moja nje ya Gilgil. Kwa hivyo tangu atoke chuoni hajawahi kukaa mbali na presha za watu, na zake mwenyewe anasema ziko sawa, isipokuwa mwisho wa mwezi tukichelewesha ripoti.

Kwa wageni watakaosoma kijarida hiki, mtandao wetu una vituo katika nchi kadhaa na unachunguza jambo moja: jinsi binadamu anavyogawa siku yake kati ya kulala, kukaa, kusimama na kutembea, na mgao huo unamfanyia nini mwilini. Anayekubali kushiriki hubandikwa kifaa kidogo pajani na kukivaa wiki nzima, usiku na mchana. Kisha tunampima presha, sukari na uzito.

Madam Sally ndiye aliyesimamia kazi ya nyanjani. Hakumbandika mtu kifaa kabla hajakivaa yeye. Alikivaa hata kwenye harusi ya mpwa wake huko Mogotio, na kompyuta ikasoma kwamba mama huyu alikimbia karibu alasiri nzima. Alikuwa anacheza. Rekodi yake ilivunjwa na Owuor, mtaalamu wetu wa takwimu, siku alipokimbizwa na mbwa wa watu huko Bahati akiwa amevaa kifaa cha majaribio. Mpaka leo Madam huwaonyesha vijana wapya mchoro wa mbio hizo anapowafundisha tofauti ya kutembea na kutoroka.

Alikuwa mkali. Gari la nyanjani liliondoka alipoingia yeye, na aliyechelewa alijitafutia boda. Hakupenda mtu aseme "mshiriki namba fulani" mbele ya mwenyewe. "Ana jina," angesema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini akina mama wa Bahati watamkumbuka kwa lile jambo la maji, na inafaa lisimuliwe vizuri.

Mwaka wa 2016 tulimaliza awamu ya kwanza ya utafiti huko Bahati, mojawapo ya vijiji tunakopima. Madam aliomba kwamba kabla ya kuanza ya pili, tuwarudishie watu majibu yao. Tukakutana nao katika ukumbi wa kanisa. Akawaeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba wanawake wa kijiji kile walikuwa wanalala saa chache kuliko kundi lingine lolote tulilopima, na kwamba wengi wao walikuwa na presha. Akawashauri wajitahidi kupumzika.

Mama mmoja aitwaye Wangare, mkulima na muuzaji wa kabeji sokoni, akasimama.

"Madam, tumesikia," alisema. "Sasa niambie niache nini. Niache ng'ombe, niache watoto, ama niache kuteka maji? Kwa sababu mimi sikosi usingizi kwa kupenda."

Madam Sally angeweza kusema maneno ya kitaalamu na kikao kikafungwa kwa maombi. Badala yake alisema, "Sina jibu, Wangare. Lakini nitarudi."

Alirudi kweli. Alichukua wiki moja ya likizo yake, akalala kwa Wangare, na kila asubuhi akateremka naye bondeni kabla jogoo hawajawika. Akapanda kilima pamoja na akina mama, mtungi mgongoni na ukanda kwenye paji la uso kama wenyeji. Wiki iliyofuata alikuja ofisini shingo ikiwa haigeuki. Alipoulizwa, alijibu kwamba sasa ameelewa takwimu.

Bomba kubwa la maji lilikuwa limefika kwenye maduka yaliyo chini ya kijiji, lakini halikuwa limepandishwa hadi kijijini. Madam aliamua kuwasaidia akina mama kulidai. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia, na haukutoka Bahati. Ulitoka kwetu.

Daktari Natalie, mkuu wa mtandao, alikuwa amekuja Kenya kukagua vituo. Tulimsindikiza hadi Kikopey, kwa wachoma nyama wa kando ya barabara, na tukiwa tunangoja nyama, ambayo pale haina haraka na mtu, akamweleza Madam wasiwasi wake. Alimweleza kwa heshima, na hakuwa amekosea.

"Sally, tunapima jinsi watu wanavyoishi," alisema. "Tukibadilisha maisha yao katikati ya utafiti, tutakuwa tunapima nini?"

"Tutapima watu wakiwa na maji," Madam akajibu.

"Hatutaweza tena kulinganisha Bahati na sehemu nyingine. Itabidi itoke kwenye ripoti kubwa ya mtandao mzima."

"Basi itoke."

Nyama ilipoletwa hakuna aliyekuwa na hamu nayo.

Lile halikuwa neno dogo. Ripoti hiyo tulikuwa tumeifanyia kazi miaka saba, na wafadhili walikuwa wanaingoja. Baadhi yetu tuliona Madam ametuuza, na kwa majuma kadhaa chai ya saa nne kila mtu aliinywea mezani pake. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, na hakuna aliyemwahidi mwingine. Yeye aliendelea kufika kazini kwanza kuliko wote, akafanya kazi ya kituo bila dosari, na siku zake za mapumziko akaenda na Wangare katika ofisi ya mradi wa maji.

Waliambiwa warudi mwezi ujao. Wakarudi. Waliambiwa mkubwa amesafiri. Wakakaa kwenye benchi, Wangare akifuma sweta, Madam akisahihisha fomu zetu. Askari wa langoni alizoea kuwaona hivi kwamba siku wasipofika alipiga simu kuuliza kama kuna mgonjwa. Mwishowe wakapewa jibu: mabomba yatapatikana, lakini wanakijiji wachimbe mtaro wenyewe.

Wanawake walianza kuchimba wakati wa mvua ndefu. Wanaume wachache waliwatazama kutoka kando ya barabara kwa siku kadhaa, kisha mmoja akaleta sururu, na kesho yake wakaja wengine. Hata Owuor alikwenda Jumamosi moja, akachimba hadi viganja vikatoka malengelenge. Mwaka wa 2018 maji yalifika kwenye kioski cha kuchotea kilichojengwa karibu na kanisa. Madam alikuwepo. Alipewa kikombe cha kwanza akampa Wangare, na Wangare akakinywa chote.

Ripoti kubwa ilitoka bila Bahati. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotuonyesha. Siku nakala yake ilipofika ofisini, aliisoma yote, akaifunga, akaomba gari kwenda nyanjani.

Tulipopima tena, Owuor alikuta kwamba akina mama wa kijiji kile walikuwa wameongeza karibu saa nzima ya kulala kila usiku. Presha ilishuka kwa baadhi, kwa wengine haikushuka, na Madam alikataa kabisa tuandike zaidi ya hayo. Alituma matokeo kwa Daktari Natalie pamoja na yale maneno ya Wangare ya ukumbini, neno kwa neno. Natalie alijibu kwa kumwongezea mkataba na kumpa kazi ya kuandika kanuni ambayo leo inafuatwa na vituo vyote vya mtandao: awamu mpya haianzi kabla watu hawajarudishiwa majibu yao na kuulizwa wanahitaji nini. Tangu hapo tuna kitengo kizima kinachochunguza kinachotokea watu wanapopunguziwa mzigo wa siku. Kinaongozwa kutoka Nakuru.

Jumanne iliyopita Wangare alikuja ofisini, akamkuta Madam akifungasha vitu vyake kwenye katoni.

"Unaenda, na akina mama wa upande wa juu bado wanateka bondeni," Wangare alimwambia.

"Najua. Alhamisi ya kwanza ya Julai tunaenda nao ofisi ya maji. Wewe utakuja na sweta yako."

"Si umestaafu?"

"Ndiyo maana nitakuwa na nafasi," Madam akasema, akaendelea kufunga katoni.

Madam Sally, kituo kizima kinakushukuru kwa ukali wako, kicheko chako na msimamo wako siku tulipokuwa hatuuelewi. Mungu akujalie nguvu na siku nyingi, shamba lako la Mogotio likubariki, na nyumba yako isikose wageni. Sisi tutakuwa miongoni mwao. Na hiyo Alhamisi ya Julai, utupitie hapa kwanza, gari litakuwa tayari. Tumeshakubaliana nani kati yetu atakwenda nawe ofisi ya maji.