Mbwa Asiyeitika

Benchi la kahawa la Kasulu liko ubavuni mwa duka la Gharibu, mkabala na mahali mabasi ya Kibondo yanapopakia abiria. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili. Omary, aliyehamia kutoka Ujiji, huweka hapo birika lake asubuhi, na likikauka watu hutawanyika. Anayeitwa Hakimu ni Bazilio, aliyewahi kuwa mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo, na tangu hapo hajaacha kuhukumu. Dereva ni Kipriani, utingo wa lori ambaye hajawahi kupewa usukani. Redio ni Reverien, mpasua mbao aliyevuka kutoka Burundi mwaka 1972. Tulimpa jina hilo kwa sababu anaweza kumaliza vikombe vitatu bila kutoa neno. Jumamosi moja ya mwaka 1976 alifika na mbwa. Kwa usahihi, alifika Redio, kisha mbwa akafika nyuma yake na kuketi ng'ambo ya barabara.

– Ndiye huyo uliyemtoa kwenye banda la Bwana Mifugo? Hakimu aliuliza.

– Ndiye.

– Mbona kakaa kule?

– Hukaa kule.

– Kule wapi?

– Popote nisipokuwapo.

Gharibu alichungulia kutoka dukani.

– Na akae kule kule. Asinisogelee, nina udhu wangu.

– Mzee Gharibu, huyo hata mwenyewe hamsogelei, Dereva alisema. Udhu unauhofia nini?

Mbwa alikuwa mwekundu, mbavu zake zikihesabika. Alikuwa mmoja wa wale waliokutwa mahameni upande wa Titye, baada ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa na mbwa kubaki na nyumba tupu. Bwana Mifugo aliwakusanya kwa hofu ya kichaa cha mbwa na kuwafungia bandani. Aliyetaka kuchukua mmoja aliruhusiwa, kwa sharti.

– Jumatatu anapita kukagua, Redio alisema.

– Na akikagua?

– Namwita mbele yake. Asipoitika, ni wa mwituni. Wa mwituni anapigwa risasi.

– Mwite sasa tuone.

Redio alipiga mluzi. Mbwa alimtazama Omary, akatazama basi, akalala.

– Umempa jina gani?

– Bado.

– Bado! Sha, sasa aitikie nini? Hakimu aliweka kikombe chini. Sikiliza. Kwetu Waha, jina la mbwa ni ujumbe kwa jirani. Jirani akikusengenya, mbwa wako unamwita Nimeyasikia. Unamwita kwa sauti, jioni, jirani anaelewa. Wangu mimi alikuwa Rudisha Jembe.

– Likarudishwa? Omary aliuliza.

– Likarudishwa. Mbwa akabaki na jina lake.

– Basi kazi imekwisha, Dereva alisema. Redio, tafuta jina la kumchoma jirani yako.

– Sina jirani.

Omary alimmiminia kahawa bila kuombwa.

Wote tulijua anakoishi, kule kwenye mashimo ya kupasulia mbao, ng'ambo ya nyumba ya mwisho. Kupasua mbao ni kazi ya wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni. Wa shimoni alikuwa Nsabimana, na walilala kibanda kimoja. Lori lilipokuja kuchukua wakimbizi kuwapeleka kambi ya Ulyankulu, Nsabimana alikuwa kibandani na Redio alikuwa msituni akitafuta mti. Sasa Redio hufanya kazi na kibarua yeyote anayepatikana, na kibarua hurudi kwake jioni.

– Jina litakuja, Hakimu alisema. Kwanza mbwa afungwe kwenye nyumba. Chukua tete, umpime mkia, tete hilo ulizike karibu na mafiga. Hatoki tena.

– Nilizika.

– Ikawaje?

– Alikaa mlangoni akinitazama nachimba. Kisha akaenda kulala shimoni.

– Tete lilikuwa fupi.

– Mkia ndio mfupi.

Dereva alicheka mpaka akamwaga kahawa.

– Mambo ya matete ni ya zamani. Mbwa ni pua. Unaweka tonge la ugali kwapani asubuhi, unapasua nalo mbao, jioni unampa. Akila jasho lako, ndiyo basi, ni ndugu yako.

– Nilimpa.

– Akala?

– Alinusa, akaondoka.

– Ulikuwa umeoga?

– Ego, nilioga.

– Umeharibu dawa! Nani alikutuma uoge?

Gharibu sasa alikuwa ametoka kabisa dukani, na kiti chake.

– Ninyi hamjui mnachotibu. Huyo mbwa yuko kazini. Wenye mji walipoondoka walimwambia, linda, twarudi. Hawajarudi. Huyu bwana anamwita, yeye anamwona mwizi anayetaka kumhonga ugali.

– Kama ni hivyo, Hakimu alisema, aletwe mwenye mji wake, amwachishe kazi mbele ya mashahidi.

– Umtoe wapi? Waliotoka kule wametawanywa vijiji vitatu.

– Aletwe mmoja tu, yeyote. Mbwa atajuaje?

– Atajua, Dereva alisema. Mbwa wanajua. Nilipokuwa na lori la Tabora tulimshusha mbwa mmoja Uvinza kwa kuwa alikuwa anaharisha. Tumefika Tabora, tunamkuta kituoni, kakaa, anatusubiri.

– Alipanda treni, Omary alisema.

– Bila tiketi?

– Wewe ulipanda lini na tiketi?

– Basi huyu naye anasubiri treni, Dereva alisema bila kujali. Ushauri wangu wa mwisho ni huu. Redio, shuka shimoni usiku ulale naye. Tembea kwa miguu minne. Ukikutana na mbwa mwingine, mbwekee. Mpaka Jumatatu atakuwa hajui nani mbwa nani mtu.

– Na Bwana Mifugo naye asijue ampige nani risasi, Gharibu alisema.

Tulicheka wote isipokuwa Redio. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwa muda pembeni ya birika, kikapu miguuni, akingoja basi la Kibondo lijae. Omary alimpa kikombe. Alikunywa akiwa amesimama, akamgeukia Redio.

– Samahani, baba. Mkiwa nyumbani, wewe na yeye, huwa mnaongea nini?

– Mama, yule ni mbwa, Dereva alisema.

– Nimeona ni mbwa. Nimemuuliza baba. Jioni, mnapokuwa wawili tu, humwambia nini?

Redio alifikiri.

– Simwambii.

– Hata neno moja?

– Oya, hata moja. Alizungusha kikombe mkononi. Tangu Nsabimana achukuliwe sijasema kitu mle ndani. Niseme na nani. Naingia, nakoka moto, nakula, nalala. Huyu naye nikampokea hivyo hivyo.

Hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Kisha alitugeukia sisi wa benchini.

– Nimwambie nini?

Dereva alianza.

– Mwambie...

Gharibu alisema kuna mteja, akaingia dukani, na mteja hakuwapo. Hakimu alitazama ndani ya kikombe chake kama mtu aliyesahau kifungu cha sheria.

Basi lilipiga honi. Mwanamke alirudisha kikombe, akashukuru, akapanda na kikapu chake. Omary aliinamisha birika ili atumiminie wengine. Zilitoka chicha tupu.

Redio aliinuka, akaaga kwa kichwa, akashika njia ya kwenye mashimo. Mbwa naye aliinuka, akamfuata kwa umbali ule ule. Walipofika mahali barabara inapokuwa nyembamba, Redio alisimama, akageuka, akasema kitu. Midomo yake tuliiona, sauti haikutufikia.

Mbwa alisimama. Akaketi palepale njiani, akiutazama mdomo wa Redio, akingoja aendelee. Redio alikuwa bado anatafuta neno la pili.