Jina la Shaban Ukutani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Katibu Tarafa, Shekhe wetu, wazee wangu wa Maparoni, walimu wenzangu, na wewe Bi Mwanabaraka uliyekataa kiti cha mbele ukakaa mkekani na wenzako: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Darasa tunalolifungua leo ni la saruji na mabati, na siku hizi za ruksa vyote hivyo vimejaa madukani. Jina halipatikani dukani. Kwa miaka kumi na miwili tumeliomba jina la rubani Shaban Mshamu tuliweke shuleni hapa, na mama yake, Bi Mwanabaraka, amekataa.

Mnamjua Shaban? Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Mimi, Mwalimu Paschal, nilimchapa kwa utoro, maana mpunga ukianza kutia punje hakuonekana darasani. Yuko shambani juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi, anaamia ndege wasile mpunga. Nikamwambia, "Wewe utaishia huko huko juu." Laiti ningejua ninachokisema.

Mwaka sabini na nane alikuwa rubani wa jeshi, na umri wake miaka ishirini na mitatu. Siku moja katika mazoezi akapita hapa na ndege yake ya jeshi, chini chini. Ndege wakahama bonde zima, wazee wakakimbilia kwenye mikoko, na Bi Mwanabaraka akasimama juu ya dungu akipunga kanga: "We Shaban, shuka ule!" Wakubwa zake hawakucheka. Akaniandikia barua, ninayo mpaka leo: "Mwalimu, nimefungiwa siku saba, lakini mpunga wa mama umepona."

Mwaka uliofuata alikwenda vita vya Kagera. Akaruka asubuhi moja, asirudi. Mwili haukuonekana, na mama hakukubali matanga yawekwe. Kwao mtoto harithishwi jina la mjomba aliye hai. Wajukuu watano wamezaliwa, na hakuna aliyeitwa Shaban. Je, tulimlaumu? Tulimlaumu sana, na mimi nilikuwa wa kwanza. Bi Mwanabaraka, nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa.

Jana nilimwendea tena, fundi wa maandishi ameshakoroga rangi. Alipepeta mchele wake mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Mwalimu, andikeni. Akirudi, atalifuta mwenyewe."

Nawashukuruni nyote kwa utulivu wenu. Sasa Mheshimiwa, kwa ruhusa ya mama, vuta pazia tulisome.