Wanafunzi Kumi na Wanane wa Magistra Hruska

Popote mlipo, wasikilizaji wapendwa, jikoni, garini, au kwenye kochi na soksi zenu, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Rosalind Hruska, mwalimu wa Kilatini. Alifariki Jumanne, moyo ulisimama, akiwa na miaka sitini na mitatu. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Rosalind Hruska, mwalimu wa Kilatini katika sekondari yetu hapa Brannock, Ohio. Miaka thelathini na mmoja.

Wanafunzi walimwita Magistra. Ndivyo Kilatini kinavyomwita mwalimu mwanamke, na yeye jina jingine hakuliitikia. Mdogo wake Leonard, yule fundi bomba wa Mtaa wa Cedar, anasema hata nyumbani ukimwita Rosie, aliendelea kumenya viazi kana kwamba umemwita jirani.

Hakuwa na chumba chake cha kufundishia. Walimu wa Kihispania walikuwa na vyumba viwili na mmea. Magistra alikuwa na mkokoteni. Aliusukuma kutoka chumba hadi chumba, umejaa vitabu, na gurudumu lake moja lililia vibaya hata mbwa wa mtaani wakawa wanaliitikia kila asubuhi, saa mbili na dakika kumi. Yuko bibi mmoja hapa mjini aliyerekebisha saa yake kwa mbwa hao. Asubuhi alifundisha hapa, mchana shule ya mji wa pili, maili kumi na nne. Chakula chake cha mchana, mkate na yai, alikila kwenye usukani. Na mwaka wa pili, wa tatu na wa nne aliwafundisha pamoja, chumba kimoja, saa moja. Hawa wanatazama ubao, wale wanatazama dirisha, na wa nne wanatazamana wenyewe.

Sasa shikeni namba moja. Kumi na wanane. Miaka mitatu iliyopita mkuu wa shule, Bwana Whitcomb, alimweleza waziwazi. Mwaka wa kwanza usipofikisha wanafunzi kumi na wanane siku ya kuhesabu, Kilatini kinafungwa. Si mwaka wa kwanza peke yake. Chote. Bwana Whitcomb hakuwa mtu mbaya, alikuwa na karatasi tu mkononi. Na Magistra alikuwa mwalimu wa mwisho wa Kilatini katika wilaya tatu. Akifungiwa hapa, shule ya mji wa pili nayo inaacha, na hana pa kwenda.

Basi majira ya kuchipua akaenda shule ya kati kuwatafuta watoto wa darasa la nane. Watu wa Kihispania walikuwa wameleta muziki na bakuli la chipsi. Yeye alisimama mikono mitupu, akawaambia jambo moja.

"Kwangu hakuna atakayekulazimisha kuongea. Wenye lugha hii wamekufa wote. Hakuna wa kukucheka."

Walijiandikisha ishirini na wawili. Walikuwa watoto wakimya kuliko wote wa Brannock, wale wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kikaratasi. Mmoja wao ni Winnie Lemanski, miaka kumi na minne, binti mwenye kigugumizi cha kumkaba koo.

Halafu ikaja likizo. Magistra alikwenda kambi ya wiki moja huko Tennessee, kambi ya walimu, ambako watu wanaongea Kilatini tu tangu kifungua kinywa. Hata chumvi unaiomba kwa Kilatini, usipolijua neno lake unakula uji hivyo hivyo.

"Alirudi anawaka," anasema Leonard. "Niko chini ya sinki lake, naomba spana, dada hanipi mpaka niitaje kwa Kilatini. Maji yananimwagikia usoni, na yeye ananisahihisha matamshi."

Septemba, siku ya kwanza, kengele ikalia. Magistra hakutamka neno hata moja la Kiingereza. Kiti kwa kiti, kila mtoto alitakiwa asimame, aseme jina lake na aseme hali yake. Siku ya pili vivyo hivyo. Aliamini anawapa zawadi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akisoma maneno ya marehemu, sasa maneno hayo yalikuwa moto mdomoni mwake, na ahadi yake aliisahau kabisa. Kosa hili angeweza kulifanya mwalimu wa Kilatini peke yake. Aliwaita watoto kwenye lugha iliyonyamaza, kisha akaifumbua kinywa mbele yao.

Wakaanza kuhama. Wawili Jumatano. Watatu Alhamisi. Ilipofika Jumatatu ya wiki ya kuhesabu, tisa walikuwa wameondoka. Kutoka ishirini na wawili wamebaki kumi na watatu. Kuhesabu ni Ijumaa, saa tisa alasiri. Wanatakiwa watano.

Siku ile ile aliurudisha mdomo wake kwenye Kiingereza, akaanza kugonga milango. Kila alasiri nyumba mbili, tatu, anaomba radhi barazani kama mtu aliyegonga gari la wenyewe. Wengine hawakumfungulia. Mpaka Alhamisi alikuwa amepata wanne. Kumi na saba. Ikabaki nyumba ya kina Lemanski.

Alimkuta mama mtu, Joyce, msusi, mikono imejaa dawa ya nywele.

"Mwalimu," akasema Joyce bila kumkaribisha ndani, "binti yangu alichagua somo lako kwa sababu wenyewe wamekufa. Wewe ukaenda kuwafufua."

"Najua, Bi. Joyce."

"Hujui. Siku ya pili amerudi kola imelowa. Ameitafuna humo darasani kwako."

Magistra hakujitetea. Alisema aliahidi, na ahadi akaivunja. Winnie alikuwa amekaa kwenye ngazi, anasikia yote. Alishuka, akamkubalia mwalimu wake kwa kichwa.

Lakini kulikuwa na sharti. Mwanafunzi anayetaka kurudi kwenye somo aliloliacha lazima aende mwenyewe kwa mkuu wa shule, aseme sababu kwa mdomo wake. Sharti liliwekwa ili wazazi wasiwasukume watoto. Mwalimu anaruhusiwa kuwepo, haruhusiwi kusema.

Ijumaa wanne wakaingia mmoja mmoja. Wakasema. Mmoja aliviambia viatu vyake, lakini alisema. Akabaki Winnie. Mnanijua, wasikilizaji wapendwa, samaki niliyemvua huongezeka urefu kila ninapomsimulia. Huyu wa leo sijamwongeza hata kidole.

Bwana Whitcomb akamuuliza, kwa nini unataka kurudi? Winnie akafungua mdomo. Sauti ya kwanza ikatoka, ikakwama. Akaanza upya. Ikakwama. Shingo ikawa nyekundu. Bwana Whitcomb, kwa heshima, akainamisha macho mezani. Saa ya ukutani ikasoma saa tisa kasoro dakika tatu. Machozi yakaanza, na binti bado anasukuma. Kasoro mbili. Magistra amesimama pembeni, miaka yake thelathini na mmoja imening'inia kwenye koo la mtoto. Angeweza kumwacha aendelee. Akamwekea mkono begani.

"Basi, Winnie. Inatosha. Nenda nyumbani, mwanangu."

Winnie akamtazama, akatoka. Bwana Whitcomb akaandika kumi na saba.

Kilatini kikafungwa. Vitabu vikaenda kwenye maboksi, chumba cha boila. Magistra akapewa kazi ya kusimamia bwalo wakati wa chakula, kuhakikisha watoto hawarushiani viazi. Miaka miwili, mpaka Jumanne.

"Kila mara aliniambia, angalau sikumtesa mtoto," anasema Leonard. "Aliniambia mara nyingi mno. Mtu mwenye uhakika husema mara moja."

Wiki hii Leonard alifungua mkoba wa dada yake, akakuta barua iliyochakaa kwenye mikunjo. Imetoka kwa Winnie, imeandikwa Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa. Nilimwomba binti aje studioni aisome mwenyewe. Akanijibu kwa maandishi: soma wewe. Basi naisoma.

"Magistra, ningemaliza. Neno nilikuwa nimeshalifikia. Nilihitaji dakika moja tu, na wewe ndiye uliyeninyang'anya."

Ndani ya bahasha ya barua hiyo mlikuwa na majibu tisa. Yote kwa mwandiko wa Magistra. Yote yameanza "Mpendwa Winnie." Hakuna hata moja lililofika mstari wa pili.

Kama binti angemaliza, mimi sijui. Magistra naye hakujua, na ndicho alichokibeba kwenye mkoba.

Leonard, wewe na nyumba yako, poleni sana. Winnie, pole na wewe. Poleni wote mliowahi kumwita Magistra. Mazishi ni kesho, saa nne asubuhi.

Na nyinyi wengine, mfikirieni mtu mliyemkatiza kwa sababu mlimhurumia. Kwa ajili yake tutanyamaza hapa redioni dakika moja. Dakika nzima, ya saa. Tazameni mshale. Mtaona ni ndefu, mtataka kuzima, mtataka mtu aseme chochote. Msizime. Tunaanza sasa.