Nyama ya Namba Kumi na Nne

Kijiwe chetu ni benchi moja lenye mguu wa tofali, mbele ya kibanda cha kinyozi. Kinyozi mwenyewe tunamwita Chumvi, kwa jinsi anavyozikoleza habari. Yupo Antena, fundi redio, yupo Babu Birika anayetumiminia kahawa, na mimi fundi cherehani, wananiita Sindano. Wiki ya tatu hii mada ni moja tu, nyama ya mkahawa wa Wachina pale kona, na nimeichoka mpaka kwenye mifupa. Mke wangu ndiye anayekata nyama jikoni mle. Hapa kijiweni wanajua anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, maana ndivyo nilivyowaambia. Jana bosi wake kasema meza zikizidi kukaa tupu, Jumamosi anafunga. Leo asubuhi mke wangu akanishika mkono: "Baba watoto, wewe ndiye unayekaa nao. Waambie ni ng'ombe na kuku tu." Nikaitikia.

— Paka wa mtaa huu wako wapi? akaanza Antena.

— Kwani uliwahi kuwahesabu? nikamuuliza.

— Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Paka hao wameondoka, mbona panya hawajatawala?

— Nao wameliwa! akadakia Chumvi.

— Chumvi, acha bwana.

— Sindano, hilo la paka ni dogo. Nimemnyoa mtu anayewashushia Wachina mizigo. Anasema kwenye maboksi ya barafu kuna mnyama, mbele ana magamba, nyuma ana manyoya.

— Mnyama gani huyo?

— Hana jina kwa Kiswahili! Ndiyo maana kwenye menyu wameandika namba. Namba saba, namba kumi na nne. Ng'ombe ana kosa gani hata afichwe jina?

Babu Birika akatikisa kichwa.

— Hilo la namba limeniingia.

— Na punda wa muuza maji? akauliza Antena.

— Si aliuzwa? nikasema.

— Kwa nani?

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema Chumvi. Hawa mwaka wa nne, jembe hawajalishika. Wanaishi kwa nini?

— Kwa mkahawa wao, nikasema.

— Mmesikia? Kakiri mwenyewe!

Kubishana na Chumvi ni kama kushona nguo mtoto akiwa ameivaa. Nikanywa kahawa yangu.

Mwisho wa benchi alikaa fundi bomba mmoja, mgeni kwetu, spana mapajani, akingoja zamu ya kunyolewa.

— Mmemuuliza anayeikata? akasema.

— Mchina atakwambia ukweli? akauliza Chumvi.

— Hakati Mchina. Juzi nimewazibulia sinki. Anakata mama mmoja wa hapahapa, mpole, kisu chake hakitulii.

Nikaona nafasi ndiyo hii.

— Ni mke wangu, nikasema.

— Shemeji? Antena akashusha kikombe. Si anafua mashuka?

— Niliwadanganya. Niliona haya. Mwaka wa tatu huu anakata nyama pale, ya ng'ombe na ya kuku. Jumamosi wanafunga kwa sababu ya midomo yetu.

Chumvi alitazama chini, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekosa la kuongeza.

— Tusamehe, ndugu yangu, akasema. Kama ni shemeji, basi yamekwisha. Kesho nakwenda kula hadharani, na wateja wangu nitawaambia.

Nikahisi mabega yamenishuka. Fundi bomba naye akatabasamu, akaniuliza kwa roho nyeupe kabisa:

— Sasa kaka, tuambie sisi tusioijua. Hiyo namba kumi na nne ikoje, tamu?

Wote wakanigeukia. Babu Birika alisimama, birika mkononi, naye akingoja.

Kila jioni mke wangu hurudi kutoka jikoni mle na bakuli lenye mfuniko, huwapakulia watoto, na mimi huniwekea fungu langu mezani. Nami humwambia nimeshiba. Mwaka wa tatu sasa, nimeshiba.