Kwanza Hukumu, Halafu Keki

Leo, tarehe thelathini Juni, Mheshimiwa Jaji wetu anastaafu baada ya kuitumikia mahakama kwa miaka thelathini na sita. Kwa hesabu za kawaida angetuaga zamani kidogo, lakini siku zilipokaribia aligundua kwamba alizaliwa baadaye kuliko alivyokuwa akijijua. Ugunduzi huo ulimfanya awe mdogo kuliko mdogo wake wa kumfuata, ambaye amekwisha kustaafu na bado humwita kaka, kwa mazoea tu.

Alianza kazi akiwa hakimu kijana, mwembamba, joho likiburuzika chini. Sasa joho linambana, na kila aingiaye Chumba Namba Mbili anajua kukaa wima. Humo hakuna kukohoa; ukibanwa, unameza. Simu ikilia, mwenyewe husimamishwa pembeni akitazama ukuta mpaka wakati wa chakula. Siku moja simu iliyolia ilikuwa ya Mheshimiwa. Mkewe alitaka kujua kama gesi imenunuliwa. Haikuwa imenunuliwa. Mahakama iliahirishwa ili gesi ipatikane, na ukuta ukakosa mtu siku hiyo.

Wapo wanaodai kwamba alikuwa akisinzia mchana. Huo ni uzushi. Mheshimiwa alifumba macho ili asikie vizuri, na mawakili wenye adabu walijifunza kuangusha faili zito mezani kila walipofikia hoja ya maana.

Haki yake apewe: hajawahi kupokea hata soda ya mtu. Na ndoa ameziokoa nyingi. Mume na mke wakija kuachana aliwapa mawaidha marefu hadi wakapatana wenyewe, maana kuvumiliana nyumbani kulikuwa na nafuu kuliko kuendelea kumsikiliza.

Maneno mazuri ndiyo mapenzi yake, na ndiyo yaliyompatia jina la Tarehe Nyingine, analoitwa kwenye mabenchi ya nje. Hukumu huwa tayari, ila utangulizi, kwa maoni yake, haujaiva, basi watu hupangiwa tarehe nyingine.

Hapa sina budi kumtaja fundi cherehani. Ni mjane. Alipofiwa na mumewe, shemeji yake alikitia kufuli chumba cha mama huyo cha kushonea, cherehani ikiwa ndani, akisema ni mali ya ukoo. Ushahidi ulikwisha kusikilizwa mwaka juzi. Tangu afungiwe chumba, mama huyo anashonea kwenye baraza ya jirani kwa cherehani ya kuazima, na kila akija kwetu anarudi na tarehe nyingine. Hukumu yake imo kwenye droo ya Mheshimiwa. Mimi karani ndiye niliyeichapa, na kila nikidhani nimemaliza naletewa aya mpya ya kwanza. Imeamua nini sitasema, kiapo kinanizuia. Ila jioni hii mamlaka ya Mheshimiwa yakikoma kabla hajaisoma, kesi itaanza upya kwa jaji mwingine, na mwashi aliyejenga chumba hicho, shahidi pekee wa mama huyo, tulimzika mwaka jana. Jambo hili linaniuma, na hata kushindwa kungekuwa na nafuu kuliko kungoja hivi.

Kwa bahati, Mheshimiwa husoma kila karatasi isipokuwa ratiba za sherehe kama hii. Ndugu mgeni mwalikwa, geuza ukurasa huu uone: kipengele cha kwanza leo ni kusomwa kwa hukumu. Keki ni kipengele cha pili. Mkewe, tunayemshukuru kwa moyo wote, ameweka kisu cha keki ndani ya mkoba wake na kutueleza kwamba hakitatoka mpaka mumewe atie sahihi, kwani yeye naye amechoka kusomewa utangulizi huo kila jioni mezani.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa miaka yote hii. Bustani yako inakungoja, wajukuu wanakungoja, na hao watakohoa wapendavyo. Tunakuombea afya, usingizi mzuri usiohitaji maelezo, na maisha mema. Lakini wale wawili wa safu ya mbele si ndugu wa mkeo kama ulivyoambiwa. Mmoja ni fundi cherehani. Wa pili ni shemeji yake, na ufunguo anao mfukoni.

Miaka yote umeingia tukasimama. Leo sisi tutakaa. Simama wewe, Mheshimiwa, usome.