Jina Lisilotajika Tramuni

"Mwanangu, treni ya kwenda kule naipandia wapi?" Bibi Waltraud, shabiki wa Schalke, timu ya soka ya jezi za buluu, tangu tumboni, alimwuliza kijana wa skafu ya njano aliyeketi naye kwenye tramu ya Gelsenkirchen. Kitukuu wake alikuwa amezaliwa alfajiri Dortmund, kwa mahasimu wao wa jezi za njano.

"Kule wapi, bibi?"

"Kaskazini mwa Lüdenscheid."

Tramu nzima ikaangua kicheko: ndivyo mashabiki wa Schalke wanavyoiita Dortmund ili wasitaje jina lake.

"Taja jina, nikufikishe mlangoni!"

"Thubutu! Marehemu mume wangu amekufa hajalitaja, sembuse mimi?"

"Basi mtoto humwoni. Na tutamvisha njano!"

"Nimeshamfumia soksi za buluu!"

Tramu ikasimama stesheni. Bibi akaushika mkia wa skafu ya kijana kwa vidole viwili, kama nepi chafu.

"Tangulia," akasema.