Keki Isiyokorogwa

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha fundi kufuli, pale barabara inapokata kona. Upande mmoja wa ubao umelainika kwa miaka ya kukaliwa. Upande wa pili una msumari ambao kila mgeni huutambua akiwa ameshachelewa. Wenyeji ni wanne. Funguo ndiye mwenye kibanda, na hakuna kitasa mtaani ambacho hakijapita mkononi mwake. Zege ni mwashi, na kila jambo la dunia kwake ni ukuta. Wakili hakusomea sheria. Alibeba mafaili mahakamani kwa miaka ishirini na minane, na anaamini yaliyoandikwa mle yalimwingia kwa njia ya kwapa. Wa nne ni Birika, muuza kahawa, ambaye hakosolewi sana kwa sababu kahawa ni yake. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Funguo alikuja na mfuko wa dukani, akatoa boksi la unga wa keki lenye picha ya keki iliyonona, akalisimamisha juu ya ubao kati yao.

— Hilo nini? Zege akauliza.

— Unga wa keki.

— Nani ana sherehe?

— Hakuna sherehe. Napika mwenyewe. Leo, kabla ya saa nane.

Birika akaacha kumimina, kikombe kikiwa nusu.

— Mke wako anaumwa?

— Mke wangu mzima. Kaenda kwa dada yake makusudi, kaniachia jiko.

Hapo hawakuhitaji kuambiwa zaidi, maana habari waliijua, na wawili kati yao walikuwamo. Siku tisa nyuma, mtoto wa kiume wa Funguo alirudi kutoka kazini, kule mkoani anakofunga nyaya za umeme, na Funguo akawaalika Zege na Wakili kwa chakula cha mchana. Walipomaliza kula, mkwe wake, binti anayeuza kwenye duka la dawa, akaleta trei aliyoipika mwenyewe. Chini nanasi na pichi za kopo, juu keki iliyopasukapasuka, hapa kahawia, pale njano, pembeni sharubati ya matunda ikichemka. Funguo akaitazama, akawatazama wageni, akasema: “Mwanangu, hii ni keki au ukuta umebomoka?”

Zege alicheka mpaka akapaliwa. Wakili alipiga meza. Binti naye akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake. Akafunika trei kwa kitambaa, akairudisha jikoni. Siku ya pili mumewe akarudi kazini, na tangu hapo Funguo husikia kutoka kwa binti maneno mawili tu: “Shikamoo baba” wanapokutana, na “Chakula tayari, baba” chakula kikiwa tayari. Adabu imekamilika, wala huwezi kumshika kwa lolote. Lakini nyumba ya watu watatu, mmoja akinyamaza, hata vijiko husikika. Funguo alimwomba mkewe awapatanishe. Mkewe akamjibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akipeta: “Mdomo uliobomoa ndio huo huo utakaojenga. Mimi simo.”

— Sasa kupika unajua? Wakili akauliza.

— Sijui. Ila nimenakili maelezo. Mkwe wangu kayabandika kwenye mlango wa friji.

Akatoa kipande cha karatasi mfukoni, akakisoma kwa sauti:

— “Matunda chini, pamoja na maji yake. Unga mkavu juu. Siagi vipande vyembamba juu ya unga. Moto mia na themanini, dakika hamsini. Usikoroge.” Hiyo “usikoroge” kaipigia mistari miwili.

— Haiwezekani, Zege akasema.

— Ndivyo alivyoandika.

— Bwana, mimi nimekoroga vitu maisha yangu yote. Umwage saruji kavu juu ya kokoto, halafu uende zako ukitegemea ukuta? Lazima kukoroga. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa wameingiaje kwenye keki? Birika akauliza.

— Ni methali.

— Hata kama ni methali, usiilete karibu na chakula.

Wakili alikuwa ameshalichukua boksi na kuligeuza. Akavaa miwani.

— Subirini. Hapa nyuma pameandikwa vingine. Mayai matatu, maji kikombe kimoja, mafuta, koroga dakika mbili. Tuna mashahidi wawili, mmoja anasema koroga, mwingine anasema usikoroge. Mashahidi wakipingana, kesi inafutwa.

— Mimi sitaki kesi ifutwe, Funguo akasema. Nataka keki iive.

— Basi tusome kwa makini. Karatasi imekataza kukoroga. Je, imekataza kutikisa? Haikukataza. Unamwaga unga, unashika trei huku na huku, unatikisa mpaka kieleweke. Hapo umekoroga bila kukoroga, na hakuna wa kukushtaki.

— Akitikisa, sharubati itamwagika, Zege akasema. Na maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nasema atoboe matundu. Achukue vijiti, asimamishe kila baada ya inchi mbili, kama nondo. Unga ukipanda unapata pa kujishikilia. Ile ya kwanza ilipasuka kwa nini? Haikuwa na nondo!

— Nani atakula keki yenye vijiti?

— Vinatolewa ikishakauka. Kwani ukishamaliza nyumba unaacha mbao za kushikilia?

Birika akacheka, akamalizia kumimina kile kikombe.

— Ninyi wote mnapotea. Siri iko kwenye siagi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Siagi inaelea juu. Moto ukija inayeyuka, inashuka kutafuta maji. Maji nayo yanachemka, yanapanda kutafuta siagi. Wanakutana wapi? Ndani ya unga. Ukiingiza mwiko pale katikati, umewavuruga watu walioitana wenyewe.

Wote wakamsogelea, kwa sababu maneno yale yalikaribia kuwa na akili. Birika akaona amekubalika, akaharibu.

— Ila lazima siagi ilale jikoni siku tatu izoee nyumba. Siagi ngeni haishuki.

— Siku tatu sina, Funguo akasema. Nina saa nne.

— Mvumilivu hula mbivu.

— Matunda yako kwenye kopo, bwana! Yameiva tangu kiwandani!

Wakili akavua miwani, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya baraza.

— Mzee mwenzangu, nikuulize. Umewaza kwamba hiyo karatasi ni mtego? Binti ana kinyongo. Anajua utaiona. Anaandika “usikoroge”, wewe hukorogi, inaharibika, na yeye anasema: haya baba, ya nani sasa ndiyo ukuta uliobomoka?

— Karatasi ilikuwapo kabla sijamkosea, Funguo akasema, na safari hii alikuwa amekunja uso. Yule mtoto hana hila. Mwenye mdomo mrefu ni mimi, na ninyi mkanisaidia kucheka. Nimekuja hapa kuuliza jinsi ya kupika, mnaniletea nondo.

Wakati huo mama anayesoma mita za maji alikuwa anavuka barabara, daftari kwapani. Hakuwa mtu wa kijiwe kile. Mtaa huo alikuwa amehamishiwa wiki hiyo. Akaomba kahawa, akakaa, akaruka, akasogea mbali na msumari, akakaa tena. Zege, ambaye hapendi msikilizaji apite bure, akamsimulia kesi nzima kuanzia trei ya kwanza hadi vijiti. Mama akasikiliza huku anapuliza kahawa.

— Nauliza tu, akasema. Hiyo keki yake ilikuwa na ladha gani?

— Ilikuwa na nyufa, Zege akajibu.

— Sijauliza sura, baba. Nimeuliza ladha.

Zege akageuza shingo. Akamtazama Wakili.

— Mimi nilikuwa nimeshiba, Wakili akasema.

— Mimi sikualikwa, akasema Birika, na kwa mara ya kwanza alionekana kufurahia kutoalikwa.

Mama akamgeukia Funguo. Funguo alikuwa anaangalia boksi. Akairudia siku ile yote kichwani, tangu trei ilipowekwa mezani mpaka ilipofunikwa, akitafuta mahali ambapo mtu alichukua kijiko. Hakupaona. Watu wazima wanne, na mwanawe mmojawapo, walikuwa wameicheka keki ya binti wa watu, naye akaiondoa nzima kama alivyoileta.

Mama akamaliza kahawa yake, akashukuru, akaenda kusoma mita. Funguo akalirudisha boksi mfukoni, akafunga kibanda saa sita kasoro, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku ya Jumamosi, akaenda nyumbani.

Jikoni alifungua kopo la nanasi, kisha la pichi, akamimina yote pamoja na maji yake kwenye trei, kama ilivyoandikwa. Akapasua mfuko wa unga. Ulishuka kwa kishindo kimoja upande wa kulia, vumbi likampanda mpaka kwenye nyusi. Akausawazisha kwa kiganja taratibu. Ulikaa juu ya matunda, mkavu, mweupe, kama kitu kilichosahauliwa. Mkono ulimwasha kukoroga. Alishika mwiko mara mbili. Mara ya tatu aliuchukua akautoa nje kabisa, akauweka dirishani kwa nyuma, akafunga dirisha. Kisha akakata siagi kwa kisu kidogo na kuipanga kipande kwa kipande, ila kona moja vipande vilimwishia. Akaingiza trei kwenye oveni, akavuta kigoda, akakaa mbele ya kioo.

Dakika ya ishirini hakuona kitu. Dakika ya thelathini siagi ilikuwa imezama na unga umeanza kubadilika rangi, na kwenye kingo sharubati ikapanda, ikatokota, ikatulia, ikatokota tena. Nyufa zikatokea. Funguo aliziona zinatokea moja moja, kama vile za siku ile, na hakuona tena kilichokuwa kinachekesha.

Saa nane na robo mlango ukafunguliwa. Binti akavua viatu, koti jeupe la dukani bado mwilini.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, mwanangu.

Alikuwa apite, ila harufu ikamsimamisha. Akaja mpaka mlango wa jikoni, akaona makopo, unga sakafuni, baba mkwe ana nyusi nyeupe, na trei mezani inatoa mvuke. Njiani Funguo alikuwa ameandaa maneno marefu, mengine ameyaazima kwa Wakili. Yote yakamkimbia.

— Siku ile niliicheka keki yako mbele za watu, akasema. Na sikuionja. Sikuchukua hata kijiko kimoja. Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe.

Binti akasogea mezani, akainama, akabonyeza kwa kidole ile kona ambayo unga ulibaki mweupe na mkavu.

— Hapa siagi haikufika, akasema.

— Iliniishia.

— Hata mimi mara ya kwanza iliniishia. Akaufuta ule unga kidoleni. Ile uliyoicheka niliila na mama. Tulikaa hapa hapa jikoni, tukaila siku tatu. Siku ya kwanza ilinishinda kumeza, baba. Sikutegemea neno lile litoke kwako.

— Najua.

— Sasa unajua.

Akachukua bakuli, akachota upande ulioiva vizuri, chini mpaka juu, akampa kwa mikono miwili. Funguo akaila ikiwa ya moto mno, ikamuunguza ulimi. Nanasi lilikuwa kali, pichi laini, na juu unga umeshikana na siagi, unavunjika mdomoni halafu unayeyuka. Akala kijiko cha pili kabla ulimi haujapoa. Binti akamtazama mpaka akamaliza, kisha naye akachota kidogo, akaonja akiwa amesimama.

— Ingetaka makopo matatu ya matunda, akasema. Lakini ni nzuri.

— Ni nzuri, Funguo akasema.

Binti akachukua kitambaa, akakunja ncha moja, akafunika trei.

— Pale kijiweni leo wako wangapi?

— Watatu.

Akavuta droo, akahesabu vijiko vitatu, akampa. Kisha akaishika trei yenyewe kwa kitambaa, akavaa viatu bila kuiweka chini, akasukuma mlango kwa bega.

— Wewe beba vijiko, baba.

Wakatoka. Yeye mbele na trei, na Funguo nyuma yake, nyusi bado zina unga, vijiko vikigongana mkononi.